Ngazi Mbili za Mapenzi Yake

“Asilimia nne,” alisema.

Alisema kama mtu aliyeulizwa saa ngapi. Alisema mbele ya mama yangu na mbele ya shangazi yangu, kikombe cha chai mkono wa kulia, biskuti mkono wa kushoto, siku yake ya kwanza kabisa kukanyaga nyumbani kwetu. Mwanaume niliyempenda. Mwanaume ambaye nilimbembelezea mama wiki tatu nzima ili akaribishwe Jumapili ile.

Nilikuwa nimesimama na birika mkononi. Namshukuru Mungu sikuliangusha kwenye zulia la mama.

“Nne nini?” nikauliza, ingawa nilisikia vizuri.

“Nne katika mia. Tukiacha desimali.”

Tukiacha desimali! Haya sasa. Ndiyo maana ofisini tulimpa jina hilo, Desimali, na yeye akalipokea kama cheo.

Ngoja nieleze, maana hata mimi nikiikumbuka siku ile kichwa kinaniwanga. Mimi na Desimali tulifanya kazi ofisi moja ya utafiti, chini ya Profesa mmoja, ghorofa ya pili, meza zetu zimepakana. Kazi yetu ilikuwa kusafisha takwimu. Yanaletwa madodoso elfu tatu kutoka kwa wahoji waliopita nyumba kwa nyumba, na sisi tunatafuta mahali ambapo mama wa miaka ishirini ameandikiwa mtoto wa miaka thelathini. Mapenzi yetu yalizaliwa humo, katikati ya makosa ya watu wengine. Yeye aliniita Jirani kwa sababu ya zile meza. Ana macho mazito, ya mtu anayesoma kila kitu mara mbili, na mimi alikuwa ananisoma mara tatu. Nilikuwa naona, najifanya sioni, na moyo unanienda mbio.

Sote wawili tulikuwa tumeomba kusomea shahada ya uzamivu ya uchumi, vyuo kumi vile vile, ng'ambo. Kila chuo kinaletewa maombi mia nane, vingine elfu moja, na kinachukua watu ishirini tu. Wanatazama alama zako za chuo, wanatazama hesabu ulizosoma, wanatazama mtihani wa kimataifa, halafu wanasoma barua za walimu wako. Barua ndizo zinazoua au kuponya, kwa sababu katika wale elfu moja, mia tatu wana alama kama zako. Kwenye fomu ya barua mwalimu anaulizwa: ukimlinganisha na wanafunzi wote uliowahi kufundisha, huyu yuko wapi? Kuna ngazi tano. Ya kwanza ni watano bora katika mia, ya pili ni kumi bora, ya tatu ni robo ya juu, ya nne ni nusu ya juu, na ya tano ni waliobaki. Alama moja ya vema kwenye kisanduku, basi, umekwisha au umepona.

Mimi nilishajipigia hesabu zangu. Nilitengeneza jedwali, nikakadiria nafasi yangu chuo kwa chuo, nikapata kwamba uwezekano wa kukubaliwa angalau na kimoja ni arobaini katika mia. Arobaini si hamsini, lakini mtu anaweza kulala nayo usingizi. Na nililala nayo miezi miwili. Sikuwa na ndoto nyingine. Tangu darasa la sita nilipomuuliza mwalimu kwa nini sukari inapanda bei na mama hapandi mshahara, akanijibu, “Nenda kasome, ukijua uje utuambie,” sikuwahi kutaka kitu kingine duniani. Mpaka nilipompata Desimali, ndipo nikawa nataka vitu viwili.

Sasa shangazi. Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba, mshona mapazia, na tangu baba atutoke, kiti kikubwa cha sebuleni ni chake. Mama ni nesi, mtu wa maneno machache. Shangazi ni mtu wa maneno yake na ya mama pia. Habari ya mimi kusoma miaka sita ilikuwa inamnyima raha. Daktari gani, alikuwa anasema, asiyejua hata kupima homa? Ila alipomwona Desimali anaingia mlangoni, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, anatoa shikamoo mbili za heshima, uso ukamnawiri.

“Mapenzi kikohozi, hayafichiki,” akaninong'oneza nilipopita na sahani. “Unamtazama mpaka unamwaga chai.”

Kisha akamgeukia yeye. “Kijana, karibu sana. Sasa wewe unazijua hizi hesabu zao. Niambie ukweli, usinifiche. Huyu mtoto atapata hicho chuo, au anasubiri meli uwanja wa ndege?”

Hapo ndipo akasema asilimia nne.

Niliweka birika chini. “Unatania.”

“Siwezi kutania kwenye namba, Jirani. Unanijua.”

Ni kweli. Namjua. Ndiyo maana damu ilinikauka.

Shangazi akapiga makofi mawili madogo. “Nne! Si nilisema? Basi yaishe, tuzungumze mambo ya maana. Kijana, wazazi wako wana afya?”

“Shangazi, subiri.” Sauti yangu ilitoka nyembamba. “Mimi nilipata arobaini. Arobaini yangu na nne yake haziwezi kukaa kwenye nyumba moja. Mmoja wetu amekosea.”

“Labda tuache leo,” akasema Desimali. Hakunitazama.

“Tuache kwa nini?”

“Nimekuja kusalimia wazee.”

“Umeshawasalimia.”

Nilikwenda chumbani nikaleta kompyuta, nikaiweka mezani katikati ya vikombe. Mama akasogeza sahani ya biskuti bila kusema neno. Nikafungua jedwali langu. Nilijua nimekosea mahali, mimi huyo, nikaanza kutafuta kosa langu.

“Alama za chuo,” nikasema. “Hapa nimeweka hizi.”

“Sawa.”

“Hesabu nilizosoma. Nimeongeza na zile za jioni.”

“Sawa.”

“Mtihani wa kimataifa.”

“Sawa. Uko vizuri sana hapo, kunishinda hata mimi.”

“Barua ya Profesa. Nimeweka ngazi ya kwanza. Alisema mwenyewe mbele ya ofisi nzima kwamba miaka sita hajapata mtu kama mimi. Wewe ulikuwepo, ulipiga makofi.”

Akakizungusha kikombe kwenye kisosi.

“Desimali.”

“Weka robo ya juu,” akasema polepole.

“Ngazi ya tatu? Kwa nini?”

“Weka tu.”

Nikabadilisha. Niligusa kitufe kimoja tu. Ile arobaini niliyokuwa nalala nayo, kufumba na kufumbua, ikawa nne nukta moja. Shangazi alikuwa ameinama begani kwangu, hata yeye asiyejua jedwali akaguna, “Loo!”

Moyo ulinilipuka paa. Si kwa sababu ya ile namba. Kwa sababu ya kitu kingine kilichokuwa kinapanda nyuma yake.

“Barua za mapendekezo ni siri,” nikasema. “Tulitia saini kwamba hatutaziona. Wewe umejuaje aliyoiandika Profesa?”

Aliweka biskuti kwenye kisosi. Alikuwa hajaiuma hata kidogo.

“Profesa hakuiandika,” akasema. “Niliiandika mimi.”

Nilikaa. Sikumbuki nilikaa juu ya nini.

“Alikuwa ana safari,” akaendelea, haraka haraka sasa, kama mtu anayeteremka mlima. “Tulikuwa watu sita tunaohitaji barua. Akanipa namba yake ya siri ya kuingilia, akasema wewe unamjua kila mtu na kazi yake, andika, jaza fomu, mimi nitapitia. Hivyo ndivyo wanavyofanya, Jirani. Wengi wao.”

“Aliniahidi.”

“Alikuahidi nini?”

Nikajaribu kukumbuka. Nilimwona Profesa mlangoni kwake, funguo mkononi, anatabasamu. Nilimwomba barua, naye akanijibu neno moja tu. Itaandikwa. Mimi kwa furaha yangu nikasikia nitaandika. Nilikwenda nyumbani naruka, nikamwambia mama, “Profesa ataniandikia!” Hakusema ataniandikia. Alisema itaandikwa. Mungu wangu. Miaka yote ya shule na sikusikia herufi mbili.

“Kwa hiyo,” nikasema, na kila neno nilikuwa nalivuta kama ndoo ya maji, “barua yangu ilikuwa mkononi mwako.”

“Ndiyo.”

“Na hukuniambia.”

“Ni siri. Ulitia saini.”

“Na ngazi ya tatu umeiweka wewe. Mkono wako huo.”

“Ndiyo.”

“Unafikiri mimi ni wa ngazi ya tatu?”

“Hapana!” Alishtuka kabisa, kama nimemtukana. “Mimi nafikiri wewe ni wa ngazi ya kwanza. Nafikiri wewe ndiye mtu mwenye akili kuliko wote niliowahi kukaa nao.”

Shangazi akamtazama, akanitazama. “Mimi mnaniacha njiani hapo. Kijana, umemwona wa kwanza, ukamwandika wa tatu?”

“Ndiyo, shangazi.”

“Kwa kosa gani?”

Ndipo akanitazama. Yale macho yake mazito yalikuwa na maji.

“Kwa sababu nampenda,” akasema.

Nilitaka kucheka, nikataka kupiga kelele. Siku nyingi nilikuwa nasubiri alitamke neno hilo. Nilishapanga nitavaa nini siku atakayolitamka. Nikalipata hivi, pamoja na ngazi ya tatu.

“Fafanua,” akasema mama. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu chai.

“Mama, kazi yetu sisi ni hii,” Desimali akasema. “Dodoso likiletwa na mhoji ambaye tunajua huwa anazidisha, hatulitupi. Tunakadiria huwa anazidisha kiasi gani, tunapunguza kiasi hicho hicho. Ndiyo haki. Sasa mimi nilipofika kwenye fomu yake nikajiuliza, nani anayejaza hapa? Nikajiona mimi ndiye mhoji anayezidisha. Mimi nikimtazama huyu sioni vizuri. Akikohoa naona amesema jambo la maana. Ningejazaje kama moyo unavyotaka, huku kuna wenzake wanne wasio na mtu wa kuwapenda? Ningekuwa nimempendelea.”

“Kwa hiyo ukapunguza,” nikasema.

“Nikapunguza ngazi mbili. Nikasema zile mbili si zake, ni zangu. Ni mapenzi yangu yale.”

“Ulinipenda ngazi mbili.”

“Kumpenda mtu si dhambi, Jirani. Kumpendelea ndiyo dhambi. Nilitaka nikupende bila kukupendelea.”

Alisema kwa unyenyekevu, na hilo ndilo lililonimaliza. Angekuwa ananidanganya ningemfukuza hapo hapo. Angekuwa na hila ningejua la kufanya, maana hila ina dawa yake. Huyu alikuwa amekaa peke yake mbele ya fomu, pengine jasho linamtoka, akaupima moyo wake kama tunavyopima takwimu, kisha akakata maisha yangu kwa kipimo kile na kwenda zake akijiona mwadilifu.

Shangazi ndiye aliyelipuka. “Kikulacho ki nguoni mwako! Wallahi leo nimesikia. Mimi nashona mapazia mwaka wa thelathini. Nikipima dirisha la mtu ninayempenda, siogopi kwamba nampenda nikamkatia pazia fupi! Dirisha ni lile lile! Unapima dirisha, humpimi mwenye nyumba!”

“Shangazi, nilijitahidi kuwa—”

“Usijitahidi tena. Kaa.”

Alikuwa ameshainuka, akakaa.

Mama alikuwa anapangusa makombo mezani kwa kiganja, taratibu, anayakusanya kwenye kisosi. Bila kuinua kichwa akamuuliza Desimali, “Mwanangu, na wewe si umeomba vyuo hivyo hivyo?”

“Ndiyo, mama.”

“Barua yako aliiandika nani?”

Sikuwa nimefikiria. Nawaapia, pamoja na akili zangu zote hizo za ngazi ya kwanza, sikuwa nimefikiria hata kidogo. Watu sita walihitaji barua, na mmoja wa wale sita alikuwa yeye.

“Niliiandika mimi,” akasema.

“Ukajiweka wapi?”

Shangazi akashika mkono wa kiti.

“Ya kwanza,” akasema.

“Ngazi ya kwanza,” nikarudia.

“Ndiyo. Lakini hiyo… hiyo nilijaza tu ilivyo. Mimi najijua. Sikuwa na sababu ya kujitilia shaka.”

“Mimi ulinipunguza kwa sababu unanipenda,” nikasema. “Wewe mwenyewe hujipendi?”

Alifungua mdomo. Nimekaa naye meza kwa meza miaka miwili, najua sura yake akiwa anapiga hesabu, na nilimwona anaipiga ile. Nilimwona anafika kwenye jibu. Rangi ilimtoka usoni, na nikajua kwamba jambo hilo halikuwahi kumpitia akilini hata mara moja, mtu yule anayesoma kila kitu mara mbili. Alipigwa na butwaa kuliko mimi.

“Sikuona,” akanong'ona. “Jirani, wallahi sikuona.”

“Mpigie Profesa.”

“Leo Jumapili.”

“Ana simu Jumapili pia. Vyuo vinane vimeshafunga. Viwili vinafunga Jumanne. Mpigie, na uweke sauti watu wasikie.”

Alipiga. Nilitegemea atatafuta maneno ya kuzunguka, hakuzunguka. Nampa haki yake. Alimweleza Profesa yote, tangu ngazi mbili mpaka barua yake mwenyewe, na alisema wazi kwamba amekosa. Upande wa pili kulikuwa na mlio wa kijiko kwenye kikombe. Kisha kijiko kikatulia.

“Ile ya robo ya juu?” sauti ya Profesa ikauliza. “Nakumbuka. Niliipitia juu juu nikashangaa, maana binti yule mimi ningempa ya kwanza nikiwa nimefumba macho. Ila nikasema, nyinyi ofisi nzima inajua mko pamoja. Kama mpenzi wake mwenyewe amempa ya tatu, basi ana kasoro ambayo mimi siijui. Nikaiacha.”

Mama akafumba macho. Shangazi akasema, “Yarabi!” kwa sauti ambayo nina hakika Profesa aliisikia.

Yaani angeniwekea ngazi ya tatu adui yangu, Profesa angeifuta. Ilipita kwa sababu iliwekwa na anipendaye.

“Viwili vya Jumanne nitaandika leo hii, kwa mkono wangu,” Profesa akaendelea, na sasa sauti ilikuwa ya mtu anayetafuta pa kuficha uso. “Na vile vinane nitawaandikia, ingawa wakishafunga huwa hawafungui. Kosa ni langu kwanza. Kijana, na yako naitazama upya.”

“Ndiyo, Profesa.”

“Upya kabisa.”

“Ndiyo, Profesa.”

Simu ilipokatika hakuna aliyegusa chai. Desimali alisimama, akawaaga wazee kwa heshima zote, akaomba radhi kwa mama, akaomba radhi kwa shangazi. Shangazi hakumjibu, alikuwa anatazama mapazia yake mwenyewe. Mama alisema tu, “Msindikize.”

Tulitoka. Kutoka mlangoni mpaka getini kwetu ni hatua kumi na tano, na tulizitembea kama watu wanaotoka hospitali. Jua lilikuwa bado kali. Jirani yetu wa kweli alikuwa anaosha gari, redio imefunguliwa juu, akanipungia mkono nami nikampungia. Nilikuwa nampenda Desimali mpaka kifua kinauma, na nilikuwa siwezi kumtazama.

“Nitajitoa,” akasema tulipofika getini. “Nitafuta maombi yangu yote kumi. Nitabaki hapa. Hiyo itakuwa sawa.”

“Sawa kwa nani?”

“Kwako.”

“Mimi nitapata nini wewe ukijitoa? Tutakuwa wawili tuliopunguzwa badala ya mmoja. Umeanza tena! Huwezi kumpenda mtu mpaka ukate kitu?”

“Sijui njia nyingine ya kulipa.”

“Sijakuomba ulipe. Usijitoe. Barua yako iandikwe na mwenye kuiandika, ukubaliwe ukikubaliwa.”

“Na tukikubaliwa sote, chuo kimoja?”

“Tutasalimiana,” nikasema.

Alishika nondo ya geti. Niliona neno lile limemwingia, na nikatamani kulirudisha, na sikulirudisha.

“Unanichukia?”

“Ningekuwa nakuchukia mambo yangekuwa rahisi. Ningekwenda ndani nikala nikalala.” “Niambie kitu kimoja tu halafu uende. Ngazi mbili ulizipataje? Wewe hukadirii kwa kubahatisha.”

Akatazama viatu vyake. “Unakumbuka mwaka wa kwanza, mimi ndiye niliyekuwa nasahihisha ripoti za ofisi nzima?”

“Nakumbuka.”

“Nilizitafuta alama nilizokuwa nakupa kabla sijakupenda. Halafu nikatafuta nilizokupa baada. Kabla nilikuwa nakupa sita katika kumi. Baada nikawa nakupa kumi. Nikasema tofauti ile ndiyo mapenzi yenyewe, kila alama ngazi moja.”

Nilisimama kando ya lile geti, nikahisi jua linanichoma utosini.

“Mwaka ule,” nikasema, “kila jioni nilikuwa nakwenda darasa la hesabu. Wewe mwenyewe ulikuwa unanisindikiza kituoni. Mwaka mzima. Hukufikiria hata mara moja kwamba huenda alama zilipanda kwa sababu mimi nilipanda?”

Aliinua kichwa. Ilikuwa mara ya pili siku ile namwona anafika kwenye jibu, na mara hii ilikuwa vibaya zaidi.

“Hapana,” akasema. “Sikufikiria.”

“Mwanafunzi wa mwaka wa pili angefikiria.”

“Ndiyo.”

“Na jambo lingine.” Nilikuwa nalia sasa, wala sikujificha. “Kutoka sita mpaka kumi ni nne, Desimali. Si mbili. Umesema ulipunguza mbili.”

Akageukia barabarani.

“Nakuuliza. Hesabu yako ilitoka nne, kwa nini ulipunguza mbili?”

“Nne zingekuweka ngazi ya mwisho kabisa,” akasema, na sauti ilimkatika katikati. “Mkono ulikuwa umeshafika kwenye kile kisanduku. Nikashindwa. Zile mbili nyingine nikakuachia. Najua si haki kwa wenzako, Jirani. Najua. Lakini nilikuachia.”

Akafungua geti mwenyewe, akalirudishia taratibu ili lisipige kelele, akaenda. Nilimtazama mpaka alipopita gari la jirani, akakata kona.

Niliporudi ndani, shangazi alikuwa jikoni anagonganisha vyombo kwa hasira. Mama alikuwa bado kwenye kiti chake. Akanisogezea nafasi, nikakaa, nikaweka kichwa begani kwake.

“Amesemaje?” akaniuliza.

Nikajipangusa macho kwa kiganja.

“Amesema alinipendelea.”